Burudani ya Watu Wazima Mbele ya Watoto: Sheria Iliyopo, Mapendekezo Yaliyotolewa na Nafasi ya Mwananchi

Mapendekezo ya kudhibiti uuzaji wa vileo na burudani ya watu wazima katika maeneo wanakofika watoto yamezua maswali mengi nchini Kenya tangu Julai 30, 2025. Siku hiyo Serikali ilizindua Sera ya Kitaifa ya Kuzuia, Kudhibiti na Kushughulikia Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya. Wapo wafanyabiashara walioelewa kwamba kuanzia siku ile mikahawa ya familia hairuhusiwi tena kuuza bia. Wapo wazazi walioelewa kwamba tatizo la watoto kukesha penye pombe na muziki limepata ufumbuzi. Pande zote mbili zilikuwa zimeitangulia sheria.

Punde baada ya uzinduzi huo, Mamlaka ya Kitaifa ya Kampeni dhidi ya Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) ilifafanua kwamba sera si sheria, na kwamba yaliyopendekezwa yatahitaji kupitia taratibu za kutunga sheria na kushirikisha umma kabla ya kutekelezwa. Ufafanuzi huo ulituliza wengi, lakini uliacha pengo jingine. Baadhi ya wananchi sasa wanadhani kwamba, kwa kuwa mapendekezo bado ni mapendekezo, hakuna kinachomzuia mwenye baa kumpokea mtoto. Dhana hiyo nayo si sahihi. Mengi ya yanayojadiliwa tayari yamekatazwa na sheria zilizopo, baadhi yake zikiwa zimetumika kwa zaidi ya miaka kumi.

Ni muhimu basi kutenganisha mambo matatu: yale ambayo ni kosa leo, yale yanayopendekezwa kuwa kosa kesho, na hatua ambazo pendekezo hupitia hadi kuwa sheria. Mzazi, mwenye mkahawa, msanii na dereva wa matatu, kila mmoja ana sehemu yake katika mambo hayo.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010

Msingi wa udhibiti wa vileo nchini ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Wananchi wengi huiita Sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, John Mututho, aliyeiwasilisha bungeni. Sheria hiyo hukumbukwa zaidi kwa saa za kufungua baa: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu. Hata hivyo, vifungu vyake kuhusu watoto vina uzito usiopungua ule wa saa.

Kwanza, sheria inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18 kuingia katika eneo ambamo kileo kinatengenezwa, kinahifadhiwa au kinanywewa. Anayekiuka katazo hilo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 150,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 12, au adhabu zote mbili. Katazo hili halimhusu mtoto anayenunua pombe peke yake. Linamhusu pia mtoto aliyeingia tu, hata kama ameketi na soda mkononi.

Pili, ni kosa kumuuzia au kumpatia kileo mtu wa umri huo. Mwenye biashara anatakiwa kubandika tangazo linaloonekana wazi, likieleza kwamba vileo haviuzwi kwa walio chini ya miaka 18.

Tatu, mahali pa kuuzia pombe panatakiwa kuwa umbali wa angalau mita 300 kutoka kwenye shule za chekechea, msingi, sekondari na taasisi nyingine za mafunzo kwa walio chini ya umri huo.

Nne, katika maduka ya jumla, sehemu ya vileo inatakiwa kutengwa ili watoto wasiifikie.

Ikumbukwe kwamba wajibu mkuu chini ya sheria hii umewekwa kwa mwenye leseni. Mtoto aliyekutwa ndani ya baa si mshtakiwa wa kwanza. Anayeulizwa ni mtu mzima aliyepewa ruhusa na umma ya kuendesha biashara ile, na ambaye alipopokea leseni alikubali masharti yake.

Utata wa neno "eneo"

Ikiwa sheria iko wazi kiasi hicho, kwa nini kuna haja ya mapendekezo mapya? Jibu moja linapatikana katika neno "eneo".

Sheria ya mwaka 2010 ilipotungwa, picha iliyokuwa akilini mwa wengi ni ya baa yenye mlango mmoja, kaunta na meza zilizo ndani ya kuta nne. Katika mahali pa namna hiyo ni rahisi kujua mtoto ameingia au hajaingia. Lakini biashara imebadilika. Leo katika miji na vituo vya kando ya barabara kuu kuna bustani za nyama choma ambako jiko, baa, jukwaa la muziki, maegesho ya magari na uwanja wa watoto vyote vimo ndani ya ua mmoja. Jumapili mchana familia hufika hapo baada ya ibada. Watoto hupelekwa kwenye bembea na puto kubwa za kurukia, wazazi huagiza mbuzi na ugali, na meza zinazofuata huwa na chupa za bia. Jua linapozama, DJ hubadilisha nyimbo, wacheza densi hupanda jukwaani, na watoto huwa bado wako palepale.

Je, bembea iliyo hatua kumi kutoka kwenye meza ya pombe imo ndani ya "eneo ambamo kileo kinanywewa"? Mwenye mkahawa atasema haimo. Afisa wa ukaguzi anaweza kusema imo. Mzazi huenda hajawahi kujiuliza. Pale ambapo maneno ya sheria yanaweza kuelekezwa upande wowote, utekelezaji hutegemea nani amefika kukagua na siku hiyo ameamkaje. Hali hiyo haimlindi mtoto, na haimtendei haki mfanyabiashara anayetaka kufuata sheria.

Mapendekezo yanataka nini

Sera ya mwaka 2025 inalenga kuziba pengo hilo kwa kutaja maeneo kwa majina badala ya kuacha neno moja pana. Miongoni mwa mapendekezo yaliyozungumziwa zaidi ni kuzuia uuzaji wa pombe katika maduka ya jumla, mikahawa, fuo za bahari, bustani za mapumziko na vyombo vya usafiri wa umma. Sera pia inapendekeza kuzuia uuzaji wa pombe kwa njia ya mtandao na upelekaji wake hadi nyumbani, pamoja na kupiga marufuku matumizi ya watu mashuhuri katika matangazo ya vileo.

Pendekezo jingine ni kuongeza umri wa kuruhusiwa kununua na kunywa pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Hoja inayotolewa na wanaoliunga mkono ni kwamba vijana wengi wa miaka 18 bado wako shuleni au ndio kwanza wanajiunga na vyuo, na kwamba mpaka ukiwekwa juu zaidi, huwa vigumu kwa mwanafunzi mkubwa kumnunulia mdogo.

Wanaolipinga wanakumbusha kwamba, kwa mujibu wa Ibara ya 260 ya Katiba, mtoto ni mtu ambaye hajafikisha miaka 18, na aliyefikisha umri huo ni mtu mzima. Mtu huyo anaweza kupiga kura, kuoa au kuolewa, kusaini mkataba na kushtakiwa kama mtu mzima. Kumnyima kitu ambacho wazee wake wanaruhusiwa kunahitaji sababu inayoweza kutetewa mbele ya Ibara ya 27, inayokataza ubaguzi kwa misingi mbalimbali, ukiwemo umri.

Hoja hizi mbili zinahusu watu tofauti. Suala la kijana wa miaka 19 ni suala la mtu mzima na uhuru wake. Suala la mtoto wa miaka saba anayecheza kando ya jukwaa la usiku ni suala la mtu asiyeweza kujichagulia. Mjadala wa umma utakuwa na manufaa zaidi ikiwa maswali haya hayatachanganywa, kwa sababu mtu anaweza kupinga la kwanza na kuunga mkono la pili bila kujipinga.

Filamu, jukwaa na matatu

Burudani ya watu wazima si pombe pekee. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, ambayo chimbuko lake ni miaka ya mwanzo ya 1960, inasimamia utengenezaji na uonyeshaji wa filamu hadharani pamoja na michezo ya kuigiza jukwaani. Chini ya sheria hiyo, Bodi ya Kuainisha Filamu nchini (KFCB) hukagua filamu na kuipa daraja kulingana na umri.

Madaraja hayo ni muhimu kwa kila mzazi kuyajua. Alama ya GE, yenye rangi ya kijani, ina maana kwamba filamu inafaa kwa familia nzima. PG, ya buluu, inamtaka mzazi awepo kutoa mwongozo. Namba 16, ya manjano, ina maana kwamba haifai kwa walio chini ya miaka 16. Namba 18, ya rangi nyekundu, ni ya watu wazima pekee. Filamu zilizokataliwa haziruhusiwi kuonyeshwa kabisa.

Wajibu huu hauishii kwenye majumba makubwa ya sinema mijini. Kibanda cha video katika mtaa, ambako watoto hulipa sarafu chache kutazama filamu wakati wa likizo, ni mahali pa maonyesho ya umma. Matatu yenye skrini vivyo hivyo. Abiria mtoto aliyepanda matatu kwenda shuleni hakununua tiketi ya kutazama video ya muziki yenye picha za utupu, na hana pa kugeukia isipokuwa dirishani. Kwa sababu hiyo, KFCB imekuwa ikisisitiza kwamba maudhui yanayoonyeshwa ndani ya magari ya abiria yawe yameainishwa na yafae kutazamwa na watu wa umri wote.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, nayo ina kifungu cha 181 kinachokataza kuonyesha hadharani mchezo au tamasha la aibu linaloelekea kupotosha maadili. Adhabu yake ni kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi 7,500. Kiasi hicho cha faini ni ishara ya umri wa kifungu chenyewe. Kwa mwenye ukumbi anayekusanya maelfu ya shilingi mlangoni kwa usiku mmoja, ni gharama ndogo ya kuendesha biashara. Tena kifungu hicho hakitofautishi hadhira ya watu wazima waliojilipia na hadhira yenye watoto ndani yake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018 zina adhabu nzito zaidi, lakini zinalenga makosa mazito zaidi, kama vile picha za ngono zinazowahusisha watoto. Chini ya sheria hiyo ya mwaka 2018, faini inaweza kufikia shilingi milioni 20 na kifungo kufikia miaka 25.

Kati ya faini ya shilingi 7,500 na faini ya shilingi milioni 20 kuna nafasi pana. Densi ya usiku inayochezwa mbele ya watoto kwenye bustani ya nyama choma imo ndani ya nafasi hiyo.

Redio na televisheni: mfano wa mpaka unaoeleweka

Katika utangazaji, nchi ina mfano wa jinsi mpaka unavyoweza kuwekwa bila kufuta burudani ya watu wazima. Kanuni za vipindi zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA) zimetenga muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda ambao watoto wanatarajiwa kuwa miongoni mwa watazamaji na wasikilizaji. Katika muda huo, vipindi vyenye maudhui ya watu wazima haviruhusiwi. Baada ya saa 4 usiku, kituo kinaweza kuvirusha kwa kufuata masharti yaliyowekwa.

Mpaka huu una sifa tatu zinazofaa kuigwa. Unajulikana mapema, kwa hiyo mwenye kituo hahitaji kubahatisha. Ni rahisi kuukagua, kwa kuwa saa ni ileile kwa kila mtu. Tena haumnyimi mtu mzima burudani yake. Unaihamisha tu hadi wakati ambao mtoto hatarajiwi kuwepo. Baadhi ya hoja zinazotolewa kuhusu mikahawa ya familia zinafuata njia hiyo: uwanja wa watoto ufungwe saa fulani kabla ya muziki wa jukwaani kuanza, au utengwe kwa ukuta na mlango wake pekee, badala ya kukataza pombe katika mkahawa wote. Wengine wanaona kwamba kutenga hakutoshi, kwa kuwa sauti na macho havizuiwi na ua wa mabati. Hilo ni mojawapo ya mambo ambayo wabunge na wananchi watalazimika kuyapima.

Tafrija za nyumbani

Kuna mahali ambapo leseni haifiki. Machi 2016, mwaliko wa tafrija ya vijana iliyopewa jina la Project X ulisambaa mitandaoni jijini Nairobi, ukiahidi pombe na mambo mengine yasiyofaa kwa watoto. Polisi pamoja na KFCB waliingilia kati na kuipiga marufuku kabla haijafanyika. Tukio hilo lilionyesha kwamba ukumbi wa burudani unaweza kuwa nyumba ya kukodi kwa usiku mmoja, na mwandaaji wake asiwe mfanyabiashara mwenye jina wala leseni ya kunyang'anywa.

Katika mazingira hayo, sheria inayofaa si ya biashara bali ni ya ulinzi wa mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, inaweka wajibu wa mzazi na mlezi wa kumlinda mtoto dhidi ya madhara, na inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji, ukiwemo ule wa mitandaoni. Mzazi anayekodisha nyumba yake bila kuuliza inatumiwa kwa shughuli gani, au anayemruhusu mtoto kwenda "kulala kwa rafiki" bila kuzungumza na wazazi wa rafiki huyo, anaiachia Serikali kazi ambayo haiwezi kuifanya peke yake.

Haki zinazopimwa

Mswada wowote utakaotokana na mapendekezo haya utapimwa kwa mizani ya Katiba ya mwaka 2010. Upande mmoja kuna Ibara ya 53, inayompa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa na aina zote za ukatili, na inayosema kwamba maslahi ya mtoto yatapewa uzito mkuu katika kila jambo linalomhusu. Upande wa pili kuna Ibara ya 33, inayolinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Msanii, mcheza densi na mwenye ukumbi wana haki chini ya ibara hiyo, na haki hizo haziondoki kwa sababu mtu mwingine hapendi sanaa yao.

Ibara ya 24 inaeleza jinsi haki zinavyoweza kuwekewa mipaka. Mpaka lazima uwekwe na sheria, uwe wa busara na uweze kutetewa katika jamii ya kidemokrasia. Yanayozingatiwa ni pamoja na umuhimu wa lengo la mpaka, ukubwa wake, na iwapo kuna njia nyingine ya kufikia lengo hilohilo bila kubana haki kwa kiasi kikubwa. Kwa lugha nyepesi, sheria isitumie shoka pale kisu kinapotosha.

Kwa hiyo namna mswada utakavyoandikwa ina uzito sawa na nia yake. Kifungu kinachosema "burudani isiyofaa mbele ya watoto ni marufuku" bila kueleza burudani ipi, mbele ya mtoto wa umri gani na mahali gani, kinaweza kukataliwa na mahakama. Kibaya zaidi, kinaweza kutumiwa dhidi ya ngoma za harusi, taarabu au michezo ya kuigiza ya shule ambayo haikulengwa na mtu yeyote. Kifungu kinachotaja umri, mahali, saa na aina ya maonyesho kina nafasi kubwa ya kudumu na kumlinda mtoto aliyekusudiwa.

Serikali Kuu na kaunti

Jambo ambalo wananchi wengi hulisahau ni kwamba sehemu kubwa ya suala hili iko mikononi mwa serikali za kaunti. Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne la Katiba inazipa kaunti majukumu ya burudani za umma, utoaji wa leseni za vileo, sinema, pamoja na uonyeshaji na ukodishaji wa video. Ndiyo sababu leseni ya baa hutolewa na kaunti, na kaunti kadhaa zimetunga sheria zao za kudhibiti vileo.

Hali hii ina faida na changamoto. Kaunti inajua mitaa yake. Masharti yanayofaa hoteli za fuo za Kwale huenda yasifae mji mdogo wa Nyandarua. Lakini pale ambapo kaunti mbili jirani zina masharti tofauti, mwenye ukumbi anaweza kuhamia upande wa pili wa barabara na kuendelea na biashara ileile. Sera ya kitaifa inakusudiwa kuweka kiwango cha chini kwa wote, lakini utekelezaji wake hautawezekana bila mabunge ya kaunti na wakaguzi wa kaunti.

Pendekezo linavyogeuka kuwa sheria

Mwananchi anaposikia kwamba "Serikali imepiga marufuku" jambo fulani, ni vyema aulize: kwa sheria ipi? Safari ya pendekezo ina hatua zinazojulikana.

Sera hutoa mwelekeo. Mswada huandikwa, huchapishwa na kusomwa bungeni kwa mara ya kwanza. Kisha hupelekwa kwa kamati husika ya Bunge, ambayo chini ya Ibara ya 118 ina wajibu wa kuwezesha umma kushiriki. Hapa ndipo matangazo hutolewa magazetini na katika tovuti ya Bunge, yakiwaalika wananchi kuwasilisha maoni kwa maandishi au kufika mbele ya kamati. Baada ya ripoti ya kamati, mswada husomwa mara ya pili, hujadiliwa kifungu kwa kifungu, na kusomwa mara ya tatu. Ukiwa unahusu kaunti, Seneti nayo huujadili. Rais hutakiwa kuutia saini au kuurejesha bungeni ndani ya siku 14. Baada ya kutiwa saini, huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kuanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa kama sheria yenyewe imetaja siku nyingine.

Kanuni zinazotungwa na waziri chini ya sheria iliyopo hufuata njia fupi zaidi, lakini nazo zina ulinzi. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 inataka wanaoathirika washauriwe, na kanuni zikishachapishwa ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao. Katika kaunti, mswada hupitia Bunge la Kaunti na kutiwa saini na Gavana, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatambua haki ya wakazi kushirikishwa.

Maoni yenye manufaa zaidi kwa kamati ni yale yanayotaja jambo mahususi. Mwenye mkahawa anayeeleza ana wafanyakazi wangapi, uwanja wa watoto uko umbali gani kutoka kwenye kaunta na ingemgharimu kiasi gani kuutenga, anaisaidia kamati kuliko anayesema tu kwamba biashara itakufa. Mzazi au mwalimu anayeeleza alichokiona, saa ngapi na mahali gani, anasaidia kuliko anayesema tu kwamba maadili yameharibika.

La kufanya kwa sasa

Hadi sheria mpya itakapotungwa, zilizopo zinaendelea kutumika. Mwenye leseni ya kuuza vileo asimruhusu aliye chini ya miaka 18 katika eneo la kunywea, na akiwa na shaka kuhusu mpaka wa eneo hilo, atafute maelekezo ya kamati ya leseni ya kaunti yake kabla ya kukaguliwa. Mwenye kibanda cha video na mwenye matatu wahakikishe kwamba wanachoonyesha kimeainishwa. Mwandaaji wa tamasha litakalohudhuriwa na familia apange ratiba ili vipindi vya watu wazima visiwe katika saa ambazo watoto wapo.

Mwananchi anayeona mtoto yuko hatarini anaweza kumwarifu chifu, afisa wa watoto au kituo cha polisi kilicho karibu. Anaweza pia kupiga simu bila malipo kwa namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, au 1192 ya NACADA kwa masuala ya pombe na dawa za kulevya.

Kuhusu mzazi, hakuna mswada unaosubiriwa. Bustani ya nyama choma inapoanza kubadilika jioni, taa zikififia na muziki ukipanda, yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba saa ya watoto imekwisha, na ndiye mwenye uwezo wa kuwachukua na kurudi nao nyumbani.